Foleni ya Mikono Juu

Watu wa filamu walipomwona Mama Tambi waliona bahati imewashukia. Alikuwa na kovu la moto lililoanzia sikioni likazama ndani ya kola, kovu la kweli, lisilohitaji kupakwa rangi. Wakamwambia wanatengeneza filamu ya moto wa kiwanda cha mishumaa, naye atakuwa mmoja wa wafanyakazi wanaokimbia. Akawatazama kama mtu anayeuziwa mbuzi wake mwenyewe.

"Moto huo nilikuwemo," akasema.

"Ndiyo maana tumekufuata, mama."

Kiwandani kazi yake ilikuwa kutia tambi kwenye kalibu za kumiminia mishumaa, na jina hilo lilimganda hadi lile la wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Mdogo wake alikuwa meza ya jirani, akifungasha. Huyo alikuwa na mdomo wa kumchekesha hata aliyefiwa, na msimamizi alimwogopa kuliko alivyomwogopa tajiri.

Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Ulishinda na kufuli kwa nje, na ufunguo ulikaa ofisini kwa tajiri, ng'ambo ya uwanja. Jioni wafanyakazi walipanga foleni, mikono juu, ndipo mlinzi anafungua na kuwapapasa mmoja mmoja, isije ikawa mtu kachomeka mishumaa kiunoni. Mdogo mtu akifika kwa mlinzi humwambia, "Papasa vizuri, jana uliruka mbavu." Foleni nzima inacheka. Aibu ukiichekea kila siku mwishowe unaizoea, na hilo ndilo lililomuuma Mama Tambi baadaye kuliko kovu. Walikuwa wamezoea.

Siku pipa la nta lilipochemka likafurikia jikoni, ukumbi ulijaa moshi mweusi kabla watu hawajajua kinachoungua. Mlinzi alikimbia kufuata ufunguo. Ndani hawakukanyagana. Walipanga foleni. Walisimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya mlango uliofungwa, wakainua mikono na kungoja, kwa sababu mlango ule haukuwahi kumfungukia mtu asiyeinua mikono. Ukimweleza mtu ambaye hakufanya kazi pale atadhani unamtania.

Mdogo wake alikuwa mbele yake kwenye foleni. Akamsikia dada yake anavyokohoa, akageuka.

"Dada, pita mbele. Kifua chako hicho hakina mchezo."

Akapita. Mlango ulipofunguliwa hatimaye, yeye alidondokea nje, na paa likashuka nyuma ya kisogo chake.

Mdogo mtu aliacha binti ambaye hata kutembea bado. Mama Tambi akamlea, akamkuza, akamsomesha ushonaji. Mtaani ilisemwa kwamba siku ile watu walikanyagana, na kwamba aliyepona alipona kwa kumkanyaga mwenzake. Wenye huruma walimwambia asijilaumu, mfa maji haachi kutapatapa. Hao wenye huruma ndio aliowachukia zaidi. Lakini hakujibu. Ungeanzia wapi kusema kwamba uhai ulio nao ni nafasi ya mtu mwingine kwenye foleni?

Sasa watu wa filamu walimchukua na binti. Siku ya mazoezi binti alirudi nyumbani, akashika kitambaa na kuanza kufuta vyombo ambavyo Mama Tambi alikuwa anaosha.

"Mama mkubwa, wamenipa niwe dada mdogo."

"Dada mdogo wa nani?"

"Kuna dada mkubwa. Moto ukianza ananisukuma, ananikanyaga, anatoka." Sahani ilikuwa imekauka, naye bado anaifuta. "Ni kweli?"

"Na mlango?"

"Uko wazi. Watu ndio wanajazana mlangoni."

Mama Tambi akaiacha sufuria kwenye maji. Akamsimulia yote, kufuli, foleni, kikohozi, na maneno aliyoyasema mama yake, neno kwa neno. Binti aliiweka sahani chini taratibu.

"Basi tusiende."

"Tusiende ili waigize bila sisi? Tutakwenda," akasema Mama Tambi, "na nguo tutapiga pasi."

Kiwanda kilikuwa gofu siku nyingi, lakini watu wa filamu walikipaka rangi, wakaweka meza na hata kalibu. Mlango walitengeneza mpya. Mama Tambi alilishika komeo, mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Akamtafuta mwongozaji, kijana mwenye adabu na kofia, akamwambia mlango huu ulikuwa na kufuli.

"Mama, hii ni filamu, siyo kesi. Watazamaji wanataka kuona watu wakikimbia."

"Na tajiri anataka kuona nini?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Jengo ni lao, mama. Wametuazima."

"Haya. Nimekuelewa."

Na kweli alimwelewa, jambo ambalo halikumsaidia kijana hata kidogo.

Mashine ikatoa moshi mweupe usio na harufu. Mwongozaji akapiga kelele watu wakimbie. Wakakimbia, wakagongana, wakapiga mayowe kama walivyofundishwa. Mama Tambi alitembea. Alifika mbele ya mlango ulio wazi, jua la nje likimpiga usoni, akasimama, akainua mikono.

Nyuma yake akasimama mama mmoja mnene aliyekuwa mchemshaji wa nta enzi hizo. Hakuuliza kitu. Aliinua mikono yake na kusema, "Huyo mlinzi leo atachoka." Wengine wawili watatu waliopona siku ile wakaja wakajipanga. Vijana waliokodiwa tu, ambao moto ule waliusikia kwa bibi zao, waliona foleni nao wakaingia.

"Kata. Jamani, mbona mnasimama? Kimbieni."

Wakarudi nyuma, moshi ukatolewa tena, wakapanga foleni tena.

Mara ya tatu binti aliwatangulia wote, akasimama wa kwanza, Mama Tambi nyuma yake. Watu wazima kwa vijana wamesimama na mikono juu mbele ya mlango usio na kitu cha kumzuia hata kuku. Mwongozaji akaja mwenyewe hadi kizingitini, jasho linamtoka.

"Mlango uko wazi, mama. Mnangoja nini?"

"Ufunguo," akasema Mama Tambi.

Kijana akageuka kumtazama mpiga picha amwambie azime kamera, lakini mpiga picha alikuwa ameinamia kamera yake na hakumtazama.

Moshi uliingia kooni kwa Mama Tambi, akakohoa. Binti akageuka. Alikuwa na macho yale yale ya mama yake, na sasa alikuwa amempita mama yake umri.

"Dada, pita mbele," akasema. "Kifua chako hicho hakina mchezo."

Mama Tambi hakushusha mikono. Miaka yote hiyo usingizini alikuwa akisikia maneno hayo, na kila mara alipita.

"Leo sipiti," akasema. "Kaa hapo hapo mbele yangu."

Binti akageukia mlango. Foleni haikusogea.