Majembe Arobaini ya Mjomba

Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa mkulima kwa asubuhi moja, na mikono yangu bado inanidai. Najua wajukuu watacheka, maana mimi nimezaliwa dukani, kati ya vitambaa na mizani, na mpaka leo ukinionyesha jani la kiazi nitakuambia ni maharage.

Chanzo kilikuwa mpira. Miaka ile ya hamsini, Gisenyi na vilima vyake vilikuwa na shule sita za vijana, na kila mwaka zilishindana. Sisi wa mjini tuliwafunga wale wa milimani mpaka mwamuzi akachoka kupuliza filimbi. Sababu kila mtu aliijua: sisi tukitoka darasani tulikwenda uwanjani, wao wakitoka darasani walikwenda kulima na kuchunga. Basi Bwana Mkaguzi wa shule, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu aliyependa haki kama wengine wanavyopenda tumbaku, akaamua kuzigawa shule mafungu mawili, tatu za mji na tatu za mlima. Bingwa wa kila fungu angepanda boti bandarini Rubona, aende Bukavu, mwisho wa pili wa ziwa, kucheza na vijana wa huko, na alale siku mbili.

Kombe halikunishughulisha hata kidogo. Dada yangu alikuwa ameolewa Bukavu na fundi cherehani, na sikuwa nimemwona kwa miaka miwili. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinifundisha kusoma, kupiga pasi, na kusema uongo bila kupepesa macho. Kila nilipoomba kwenda kumwona, baba alijibu kwamba boti ni ya kubeba mizigo, si ya kubeba hamu. Njia iliyobaki ilikuwa mpira, na mimi nilikuwa golikipa wa shule yetu.

Ila fungu la mji lilikuwa na shule ya watoto wa makarani. Wale walivaa viatu vya ngozi vya kuchezea mpira na walifundishwa na askari mstaafu. Hatukuwa tumewashinda hata siku moja. Fungu la mlima, kwa hesabu zetu, tungelimeza bila maji.

Sasa sikieni kipimo cha Bwana Mkaguzi. Shule za milimani zilikuwa na mashamba yao, na kila mwanafunzi alikuja na jembe kutoka kwao. Basi akatangaza kwamba siku ya kugawa mafungu kila shule ije mjini na majembe. Shule ambayo kila kijana ameshika jembe lake ni ya mlima. Inayopungukiwa ni ya mji. Aliona ni kipimo kisichodanganyika, kwa sababu hakujua kwamba mjomba wangu aliuza majembe sokoni.

Nilimwendea mjomba nikamwomba majembe arobaini kwa asubuhi moja tu. Alikubali kwa sharti moja.

“Mi nakupa,” alisema, “lakini udongo isiguse ile majembe. Ikigusa, we utaona.”

Majembe ya dukani hayana mipini. Tukaingia nyuma ya shule, tukakata miti ya mikaratusi, tukachonga mipini arobaini kwa haraka, mibichi na yenye vinundu. Siku ilipofika tulisimama uwanjani mstari mmoja, watoto wa wachuuzi, mafundi cherehani na madereva wa malori, kila mmoja na jembe begani. Mwalimu wetu alitazama upande wa ziwa, akajifanya anahesabu mitumbwi.

Mkaguzi alipita akihesabu. Arobaini kwa arobaini. Akatuandika mlima. Na kwa kuwa mafungu yalipaswa kuwa sawa, tatu kwa tatu, ilibidi shule moja ya mlima ishuke kuziba nafasi yetu. Akachagua Nyakiriba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mji. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria boti.

Kapteni wa Nyakiriba, kijana mrefu mwenye shati moja la kila siku, alikuja akasimama mbele yangu. Alichukua jembe langu, akaligeuza, akabandua kipande cha karatasi ya dukani kilichobaki kwenye bapa, akakitia mkononi mwangu.

“Jembe yako iko inavaa nguo,” alisema.

Angeweza kumwita Mkaguzi. Hakumwita. Alirudi kwa wenzake, na mimi nikaona haya, kisha nikacheka na wenzangu ili haya ipungue.

Kicheko hakikudumu. Mkaguzi alifunga daftari lake, akatugeukia sisi peke yetu.

“Bon,” alisema. “Wakulima wazuri hivi. Sasa mulime kile kipande huko nyuma mpaka saa sita.”

Mpaka leo sijui kama alikuwa ametugundua au alitupenda kweli. Tulilima. Mipini ile ilituchuna ngozi kabla jua halijapanda. Ilipofika saa sita nilikuwa na malengelenge manane, na majembe ya mjomba yalikuwa na udongo mpaka shingoni. Mjomba hakunipiga. Aliniamuru niyasugue yote kwa mchanga na majivu mpaka yang'ae, kila siku baada ya shule. Malengelenge yakapasuka, na chini yake yakaota mengine.

Hivyo ndivyo nilivyopanda Mudende, kwenye shule mojawapo ya milimani, kwa mchezo wa mwisho wa fungu la mlima. Kwa kanuni ya fungu letu, wote tulicheza miguu mitupu. Uwanja wao ulikuwa mteremko, upande mmoja ng'ombe, upande wa pili viazi, na baridi ya kule hatukuwa tumepatana nayo. Wale tuliotaka kuwameza walikimbia kupanda kama sisi tunavyokimbia kushuka. Hata hivyo tulishikilia, sifuri kwa sifuri, mpaka karibu na mwisho ukaja mpira mmoja wa chini, mwepesi, ambao bibi yangu angeudaka. Niliudaka. Viganja vikawaka moto, nikauachia mwenyewe, ukavuka mstari polepole mbele ya macho yangu. Nililia palepale, na sikujali aliyeniona.

Tuliporudi mjini tulikuta habari nyingine. Siku ileile mvua ilikuwa imepiga uwanja wa mjini, viatu vya watoto wa makarani vikajaa matope, na Nyakiriba, miguu mitupu, wakawafunga mawili bila. Kwa hiyo mabingwa wa mlima walikuwa Mudende, na mabingwa wa mji walikuwa vijana ambao hawakuwa wamewahi kulala mjini hata usiku mmoja. Mtoto wa mjini hakupanda boti hata mmoja.

Siku ya safari nilitembea mpaka Rubona nikiwa na kifurushi cha dada, kitenge na paketi ya chai. Nilimtafuta yule kapteni wa Nyakiriba, nikamweleza nyumba ya dada ilipo, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kwa nini nilitaka sana ile safari. Nilingoja anicheke, maana ilikuwa haki yake. Alichukua kifurushi, akakitia ndani ya shati.

Walirudi baada ya siku tatu. Alikuja mwenyewe dukani kwa baba, akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa kukanyaga vitambaa. Akasema dada ni mzima, amewapikia timu nzima wali, na ameuliza kama bado nasema uongo. Akasema yeye alimjibu dada kwamba nasema kwa majembe tu. Kisha akanikaribia.

“Wakati ya kuaga alinishika mikono hivi,” akasema. “Akasema nikuletee.”

Akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimekauka, viganja vya jembe la kweli, na vilinishika kwa uangalifu sana. Nilivuta mikono yangu haraka nikamwambia malengelenge bado yanauma. Yalikuwa yamepona wiki nzima kabla ya hapo.