Macho ya Karafuu

Mwokaji wa Krismasi nyumbani kwetu ni mimi. Mke wangu ni muuguzi, na mkesha wa sikukuu mara nyingi humkuta akiwa zamu. Kwa hiyo tangu watoto wetu wawili wakiwa wadogo kabisa, shughuli za mchana ule zimekuwa zangu: kukata tawi la mvinje na kulisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, kugandisha minyororo ya karatasi kwa uji wa ngano, na kuoka biskuti. Riziki yangu ni kutengeneza majokofu. Kuoka nilijifunza ukubwani, na aliyenifundisha ni jirani yetu wa hapa Dunda, mama mtu mzima ambaye mimi humwita Bi Mkubwa na watoto humwita Bibi.

Yeye ni mtu wa Bagamoyo kwa baba na kwa mama. Mimi nilitoka milima ya Morogoro nikiwa tayari na ndevu. Tumetenganishwa na ua wa makuti, na kwa miaka mingi sahani moja ya bati yenye ua jekundu imekuwa ikipita juu ya ua huo. Siku ya Idi huja kwetu na pilau au visheti. Kwa desturi ya huku sahani ya jirani hairudi tupu, basi Krismasi hurudi kwake na chochote tulichooka.

Alinifundisha kuoka bila jiko la umeme. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sinia juu ya mchanga, kisha mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. “Moto wa juu uzidi wa chini,” alisema. “Ukikosea hapo umeoka mkaa.” Mara ya kwanza nilikosea hapo hapo. Akamwita mkwewe kutoka ndani: “Njoo umwone fundi wa barafu anavyopigana na moto.” Sikuona vibaya. Nilikuja tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka nikajua kwa harufu tu kama sinia limeiva.

Vibati vya kukatia donge nilivikunja mwenyewe kutoka kopo la maziwa ya unga. Nyota haikunipa taabu. Lakini binti yangu alitaka tembo. Nilikuwa nimemchukua siku moja nilipokwenda Mkange kutengeneza jokofu la duka, na njiani aliona kinyesi cha tembo, kingali kibichi, akakizungumzia mwezi mzima. Basi nikakunja tembo. Unga wa mchele haukufaa, mkonga ulikatika kila mara, nikahamia unga wa ngano, nikaongeza yai, na mwishowe nikauunganisha mkonga na mguu wa mbele. Jicho lilikuwa punje moja ya karafuu. Kuchomeka karafuu ikawa kazi ya mwanangu wa kiume, kwa sababu mikono yake haikuweza kazi nyingine. Alikaa kwenye mkeka, ulimi nje, akichomeka jicho moja kila tembo.

Krismasi iliyopita alikuwa na miaka minne. Alichagua mwenyewe biskuti za kwenda kwa Bibi, zile ambazo jicho lilikaa sawasawa, na akamkataza dada yake kubeba sahani. Nilimfuata hadi mlangoni. Bi Mkubwa aliipokea kwa mikono miwili.

“Mashallah. Mikono yenu ina baraka. Zile za mwaka jana zililainika vizuri, hata mimi kibogoyo nilizimaliza.”

“Macho nimeweka mimi,” mwanangu alisema.

“Nimeyaona, mume wangu. Yananitazama.”

Siku iliyofuata mpira wake uliruka ua. Aliufuata na dada yake, na alirudi bila mpira, ngumi imefumbwa.

“Baba, nimeokota macho.”

Alifungua kiganja. Zilikuwa karafuu, nyingine bado zimeshikilia chembe za biskuti.

“Umezipata wapi?”

“Kwenye banda la kuku wa Bibi. Kuku hawayali.”

Nilidhani labda sahani ilianguka. Kisha binti yangu akaingia, aliyekuwa amebaki kuzungumza na mjukuu wa Bi Mkubwa, msichana wa rika lake.

“Baba, tembo ni haramu?”

“Nyama yake?”

“Sijui. Ati Bibi huwapa kuku biskuti zetu kila mwaka, kwa sababu zina tembo. Nikamwambia ndiyo, zote zina tembo. Akasema, unaona sasa.”

Sikuelewa. Niliziweka karafuu mfukoni, na alasiri nikaenda. Bi Mkubwa alikuwa barazani akichambua mchele.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, baba. Karibu. Sikukuu imekwendaje?”

“Salama. Nina swali moja tu. Biskuti zetu zina nini?”

Alisogeza ungo. “Mwanangu, mambo mengine hayaulizwi.”

“Naomba uniambie.”

“Zina tembo. Mtoto wako mwenyewe aliniambia, mwaka ule wa kwanza. Alisimama hapo uliposimama, akasema, Bibi, mwaka huu baba ametia tembo. Nami sikushangaa. Hata zamani walikuwapo waliochachusha mikate kwa tembo. Lakini mimi siwezi kulitia kinywani.”

*Kulitia*. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu tembo ni mnyama, na mnyama huwa *yeye*: tembo amelala, tembo wamepita. Kwa watu wa pwani wa umri wa Bi Mkubwa mnyama yule ni ndovu, na tembo ni kile kinachogemwa kutoka mnazini, ambacho mgema akisifiwa *hulitia* maji. Mtoto angesema “tembo wengi” asingeeleweka vibaya. Alisema “ametia tembo”, na katika maneno hayo mawili hapakuwa na kiambishi cha kumwokoa.

“Ni tembo mnyama, Bi Mkubwa. Ni umbo lake. Hukuona mkonga?”

“Mkonga?” Alichora umbo hewani kwa kidole. “Mimi nilidhani birika.”

“Birika?”

“Birika, na mdomo wake. Nikasema hawa nao, tembo ndani ya birika, hata hawafichi.” Kisha ikamfikia. “Ndovu! Kumbe ndovu!” Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamwita mkwewe aje asikie.

Nilijaribu kucheka nao. Mdomo ulifunguka, kicheko hakikutoka.

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Ningekuuliza ungeaibika. Jirani hamwaibishi jirani. Nikasema, mtu wa bara huyu, hajui, Mungu atamsamehe. Mimi nilikuwa nimeshakusamehe siku nyingi.”

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayenikabidhi zawadi aliyoitunza. Nilirudi nyumbani nalo, na kila nilipoligeuza lilinichoma upande mwingine. Mumewe alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Futari nimekula kwake Ramadhani zote. Mwezi huo hata maji sinywi nje ya nyumba yangu nikijua anaweza kuniona. Na mtu huyo, aliyenifundisha moto wa juu na moto wa chini, aliamini kwamba ninaweza kumpelekea ulevi kwa mikono ya watoto wangu. Hakuniuliza hata mara moja. Alinisamehe kosa ambalo sikulifanya, akaishi na msamaha huo akinitazama usoni na kuniambia mikono yangu ina baraka.

“Amekustahi,” mke wangu alisema nilipomweleza.

“Amenidanganya.”

“Amefanya yote mawili.”

“Mimi ni mtu mzima. Lakini alimwambia mtoto anayaona macho.”



Upande wa pili wa ua jambo lilikwisha siku ile ile. Bi Mkubwa alilisimulia kwenye harusi mbili ninazozijua. Vijana wa bodaboda kijiweni wakaanza kuniita Fundi Ndovu, na mmoja aliniuliza kama birika langu lina mkonga. Sahani iliendelea kuja kama kawaida, Ramadhani, Idi, na siku tu alizopika vizuri. Niliirudisha na maembe, na sukari, na mara moja na mkungu mdogo wa ndizi. Haikurudi tupu hata mara moja. Lakini sikuweka ndani yake kitu chochote kilichopita mikononi mwangu, na nadhani alijua, kwa sababu Desemba hii alinisubiri nitoke uani.

“Fundi, mwaka huu namtaka ndovu wangu. Nitamla mbele yako, na meno yangu haya mawili.”

“Tutaona, Bi Mkubwa.”

“Tutaona nini? Kuku wanakonda.”

Alicheka. Nilikwenda sokoni bila kuwa nimeamua. Nilinunua ngano, samli, mayai, iliki na karafuu, kama kila mwaka, nikijiambia kwamba kununua si kupeleka.

Mkesha ulifika, mke wangu akaenda kazini. Mvinje ulisimama kwenye ndoo, binti yangu akaning’iniza minyororo. Nilisukuma donge, nikakata nyota, kisha nikakata tembo. Mwanangu alikaa kwenye mkeka na kikombe chake cha karafuu. Mikono yake sasa ni mipesi. Alimaliza sinia la kwanza, akanipa. La pili alilimaliza kabla sijageuza makaa, akanisukumia, na karafuu hazikupungua kikombeni.

“Hawa hawana macho,” nilimwambia.

“Hawa wa Bibi.”

“Wa Bibi hawataki macho?”

Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo kwa mara ya pili. “Kuku hawali karafuu, baba. Wanazitema.”

Hakuwa na kinyongo wala uchungu. Alikuwa ameona wapi kazi yake inakwenda, akairekebisha, kama mimi nilivyourekebisha mkonga.

“Bibi amesema mwaka huu atakula mwenyewe.”

“Alisema na mwaka jana,” alijibu, akachukua nyota.

Nililioka sinia lile hivyo lilivyokuwa. Lilipopoa, watoto wakiwa uani, nilichukua karafuu moja nikajaribu kumchomekea jicho mmoja wao. Alipasuka kuanzia kichwani hadi mgongoni. Nilijaribu wa pili polepole zaidi, nikizungusha, naye akapasuka. Nikaacha. Waliobaki wazima niliwapanga kwenye sahani yenye ua jekundu, nikaifunika kwa kitambaa, nikamwita mwanangu abebe.

“Mpe dada,” alisema.