Mfuko wa Pojo

Siku ya kwanza Munyoki, muuza picha za wanyama pale Miasenyi, alimbana dereva mmoja wa Voi kwenye bei ya kumzungusha mbugani mpaka akadhani amemshinda. Dereva hakubisha, alimwekea tu dirishani mfuko wa pojo, choroko kavu, alioushona kwa mguu wa suruali kuukuu. "Egemeza kamera hapa, mzee. Lenga jicho. Jicho likitoka na ukungu, picha imekufa." Kila walipomwona mnyama alizima injini angali mbali, akafuta vidole vyake vya grisi magotini, kisha akanong'ona kama yumo kanisani: "Tungoje. Atatuzoea."

Asubuhi ya tatu walimkuta duma na watoto wake wawili, ndio kwanza wameanza kumla swala. Duma hakuinua kichwa. Munyoki, ambaye hajawahi kungoja mteja bila kumwita, akaupiga mlango wa gari kofi ili duma amtazame. Duma akainua macho, kamera ikalia. Kisha akaondoka na wanawe, na fisi wakaja kummaliza swala.  Dereva aliuchukua mfuko wake, akaupakata, akawa anaupangusa vumbi kwa mkono mmoja mpaka getini. Picha ile ndiyo inayouzika kuliko zote. Juzi dereva alisimama kibandani kwa Munyoki, akaitazama kwa karibu. "Jicho umelipata, mzee," akasema kwa upole uleule, akaenda zake. Munyoki, aliyezoea kuwa na neno la mwisho, akaona aibu hata kumkodi tena. Siku hizi huegemeza kamera kwenye sweta iliyokunjwa, nayo huteleza.