Mwimbaji Asiye na Mapafu

Kwaya yetu ya Sarang'ombe haisomi nota. Mwalimu wa kwaya hutuma wimbo kwenye simu, kila mtu anashika sauti yake kwa kusikiliza, halafu Jumamosi tunakutana. Kazi ya kutengeneza rekodi hizo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe programu ya kompyuta inayoimba: unachora nota, unaandika maneno chini yake, na msichana wa katuni mwenye nywele za zambarau anakuimbia. Wanakwaya walimwita dada wa kompyuta.

"Huyo dada hachelewi mazoezi," walisema waimbaji wa besi.

"Na sadaka hatoi!"

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiimba solo. Kisha akaugua nimonia, akalazwa, na nafasi yake ikashikwa na mwingine. Daktari alipomwambia amepona, alirudi kwenye meza yake ya mitumba Soko la Toi na kuomba solo yake. Mwalimu alimjibu kwa upole, lakini alimwekea sharti: Jumamosi aimbe ubeti wa kwanza wa wimbo mpya kama ulivyo kwenye rekodi. Akishindwa, basi.

Alifanya mazoezi wiki nzima, sokoni na nyumbani Kawangware. Nilikuwa nikimsikiliza kutoka upande wa pili wa pazia. Kila mara alifika katikati ya mstari wa pili, akanyamaza. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Alhamisi alivua spika za masikioni, akaketi kitandani.

"Baba watoto, daktari alinidanganya. Mapafu hayajapona. Dada wa kompyuta anapita mstari wote, mimi nusu tu nimekwisha."

Nilifungua kompyuta nikatazama nota za wimbo ule. Zilikuwa zimeshikana mwanzo hadi mwisho bila pengo. Katika programu ile pumzi haiji yenyewe. Unaiweka kwa mkono, kama chumvi. Sikuwa nimeiweka, na hakuna aliyegundua, kwa sababu watu kumi wakiimba pamoja, mmoja akivuta pumzi wengine wanamfunika. Anayeimba peke yake hana wa kumfunika.

"Huyu hapumui kabisa," nilimwambia. "Hana mapafu."

"Unanibembeleza."

Nilimwonyesha kwenye skrini. Alitazama, lakini hakuonekana kuamini. Na mimi, kusema kweli, sikuwa na hakika. Rekodi ilikuwa na kasoro, ndiyo. Hilo halikuthibitisha kwamba kifua chake kilikuwa kizima. Nilimwomba aimbe bila rekodi, apumue anapotaka. Alifika mwisho, lakini kwa sauti ndogo, ya mtu anayetembea gizani.

Jumamosi alisimama mbele. Katika mstari wa pili alivuta pumzi, na mwalimu akainua mkono.

"Mama, umekata."

"Nimepumua, mwalimu. Jaribu wewe."

Kwaya ikaguna. Nilitamani kueleza habari za nota na mapengo, lakini mke wangu alinitupia jicho nikafunga mdomo. Mwalimu alicheka kidogo, akajaza kifua, akaanza. Alipita pale mke wangu alipopumulia, akasonga mbele maneno mawili, uso ukamwiva, sauti ikakatika.

"Mwalimu, chaji imeisha!" mtu wa besi alipaza sauti.

Walicheka wote isipokuwa mke wangu. Alikuwa amesimama vilevile, mkono mmoja kifuani.

"Rudia," mwalimu alimwambia. "Pumua pale pale."

Alirudia. Sasa sauti ilitoka yote, na mstari wa mwisho aliushikilia mpaka nikaanza kuogopa kwamba ataanguka. Hakuanguka. Mwalimu hakutangaza lolote. Alimwambia tu aje Jumapili mapema, na sare ya solo aichukue kwa yule aliyeshika nafasi yake.

Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia Riruta alikohoa mara moja. Nikasimama.

"Ni vumbi," alisema, bila kupunguza mwendo. "Twende."

Nilimfuata, nikiwa nimetega sikio.