Maoni Ambayo Baba Hakuyatafsiri

Nilifunga safari ya Gendabi kwa sababu baba alikataa kupasuliwa akiwa na neno moyoni. Jumanne asubuhi, wodini Haydom, alinishika mkono akanieleza jambo ambalo hata marehemu mama hakulijua. Taifa likiwa bado changa, watu wa tume walipita Hanang kukusanya maoni ya katiba. Baba, kijana Mwiraqw aliyekulia Gendabi na kukijua Kidatoga, lugha ya wafugaji wa pale, akapewa kazi ya ukalimani. Mfugaji jirani yao, Mzee Gidamis, akasimama na kusema sheria iandike kwamba malisho yasichukuliwe na serikali yoyote bila wanaochunga pale kuulizwa. Baba akamtazama mkuu wa wilaya, akaogopa. Akatafsiri kwamba mzee anashukuru serikali na anaomba maji.

"Malisho yale serikali iliyachukua baadaye, yakalimwa," alisema. "Mzee amekufa sijamwambia. Nenda kwa binti yake, Mama Paulina, uniombee radhi. Alhamisi wananipasua."

Mimi ni mwalimu wa uraia Dongobesh. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba katiba ilitokana na maoni ya wananchi, na jibu hilo nimelipatia alama. Nilitoka wodini kwenda stendi.

Saa nne basi la Katesh liliondoka. Kabla ya Basotu mvua ilitukamata, gari likazama kwenye tope, tukashuka kusukuma. Nilikuwa natazama saa kila mara, jambo lililomkera jirani yangu wa kiti. Tulifika Katesh jioni nikiwa na tope hadi magotini.

Jumatano alfajiri nilipanda bodaboda kwenda Gendabi, mlima umefunikwa na wingu. Dereva aliuliza naenda kwa nani, nikamtajia. "Una kesi ya shamba?" akauliza, kana kwamba kwa mama yule watu hawaendi kwa jambo lingine. Kuanzia hapo nilitamani pikipiki iharibike nisifike.

Mama Paulina nilimkuta zizini anakamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

"Mtoto wa Tluway."

Alimalizia kukamua, kisha akaniingiza ndani na kunimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Sikuweza kuyanywa. Nilisema yote kwa mkupuo, nikiangalia sakafu.

"Hayo tunayajua," alisema.

"Nani aliwaambia, mama?"

"Baba yangu mwenyewe. Alikuwa anajua Kiswahili, alifanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Siku ile alisema Kidatoga kwa sababu lilikuwa jambo zito, alitaka aliseme kwa lugha yake. Kila neno la baba yako alilisikia."

"Sasa mbona hakumkatiza?"

"Amuumbue mtoto wa jirani mbele ya wageni? Alirudi hapa akatuambia, yule kijana ameogopa, msimseme. Tukakaa hivyo."

Nilidhani yameisha, nikashika kikombe. Akanizuia mkono.

"Mwambie radhi alipata siku ile ile. Na hili mwambie pia: baba yangu alimngoja. Kila baba yako alipokuja kutusalimia, baba alifikiri leo atasema. Alimngoja mpaka anakufa."

Njiani kurudi, maneno hayo ya mwisho yalinitesa kuliko barabara. Mtu anapasuliwa kesho, unamwambiaje kitu kama hicho?

Saa kumi na moja jioni niliingia wodini. Baba alijiinua kwa kiwiko.

"Amesema radhi ulishapata siku ile ile, baba. Anakuombea upone."

Alinikazia macho usoni.

"Umepunguza," alisema. "Kazi hiyo nimeifanya, naijua sura yake. Sema yote."

Nikamwambia yote, hadi kungojwa. Alilia kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine, nami nilisimama pale nisijue kama nimempa dawa au sumu. Alhamisi walimchukua mapema. Alikuwa mtulivu kuliko mimi, na jioni alizinduka akaomba uji.

Nimerudi darasani. Watoto wakinipa lile jibu la maoni ya wananchi, nawauliza ni nani aliyeyabeba maoni hayo hadi kwenye karatasi. Baba aliyapunguza maneno ya Mzee Gidamis kwa kumwogopa mkuu wa wilaya. Mimi niliyapunguza ya binti yake kwa kumpenda baba, na yangepotea vilevile.