Mwanamke Aliyelisha Kizuizi

Siku hizi wakimtaja Zenobia Claros hapa Kasapampa, wanamtaja kwa sifa. Mwenyekiti akisimama mkutanoni husema hakuna kijiji katika bonde hili kilichofunga barabara kuigomea serikali kwa muda mrefu kama sisi, na kwamba tuliweza kwa sababu ya mpangilio wa doña, yaani bibi, Zenobia. Watu hupiga makofi. Mimi sipigi. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, yeye ndiye aliyemsimamia mwanangu wa mwisho ubatizo, ndiyo maana tunaitana komadre, na najua makofi hayo yalimgharimu nini. Mwenyewe hayupo kuyasikia. Yuko Santa Cruz, kwenye joto lote lile, anafagia mabanda ya kuku wa mtu mwingine.

Zenobia hakuzaliwa mfugaji, alizaliwa mkaidi. Mumewe Leandro alipokwenda Chile kuvuna zabibu akasahau njia ya kurudi, sisi wanawake tulikwenda kwake tukiwa tumejiandaa kulia naye. Tulimkuta anapima uwanja kwa kamba.

"Mnakaa, au mnanishikia hii kamba?" akatuuliza.

Aliuza ng'ombe, akauza cherehani, akajenga banda refu la matofali ya udongo na kuleta vifaranga mia sita wa kuku wa nyama. Banda hilo ndilo lililompeleka binti yake Maribel chuo cha ualimu mjini. Hakuwa na kingine. Shamba lake lilikuwa vumbi tupu kama mashamba yetu yote, kwa sababu bwawa tuliloahidiwa na wakubwa wa mkoa lilikuwa bado jiwe la msingi na utepe uliopauka kwa jua.

Kuku wa nyama si wa kienyeji. Ukimfungulia akajitafutie, atakaa chini akungoje. Chakula chake, mahindi na mashudu ya soya, kinatoka Santa Cruz, ng'ambo ya milima, kwa lori. Miaka ya mwanzo Zenobia alikuwa anarundika magunia mpaka yanagusa bati, kwa hofu tu. Panya walikula, ukungu ukala, na kuku wakapata masalio. Aliposikia kuna mafunzo ya ugavi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa manispaa, alinivuta mkono twende. Nilikwenda kwa sababu ya chai na mkate, siwezi kusema uongo.

Mwalimu alikuwa Injinia Wálter, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Alitufundisha kuanzia mwisho: mnunuzi anataka kuku lini? Kutoka hapo unarudi nyuma, kiungo kwa kiungo, mpaka unafika kwenye shamba la soya. Alisema gunia lililolala stoo ni hasara inayopumua polepole. Alisema huagizi chakula kinapokwisha, unaagiza wakati kimebaki cha kukutosha kulingojea lori, na juu yake unaongeza akiba kidogo kwa ajili ya balaa. Mimi nilisinzia. Zenobia hakupepesa macho. Alikuwa akirudi nyumbani anazungumza peke yake njiani, na siku moja nilimkuta amepanga punje za mahindi mezani, huyu mnunuzi, hili banda, hili lori, mama yake mzee akimtazama kana kwamba amerogwa.

Ilipofika siku ya somo la akiba, injinia alituomba tutaje kila kitu kinachoweza kumchelewesha dereva, aandike ubaoni.

"Maporomoko ya mlimani."

"Mvua."

"Foleni ya dizeli."

"Hawara," alisema mzee Abdón, anayekusanya maziwa ya kijiji na kuyapeleka mjini. "Madereva wote wa Santa Cruz wana mmoja njiani. Andika, injinia, weka siku mbili."

Ukumbi ulicheka. Injinia akasubiri kicheko kiishe. "Na barabara kufungwa?"

Hapo tulicheka zaidi. Zenobia ndiye aliyemjibu, kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Hiyo usiiandike, injinia. Barabara tunafunga sisi wenyewe. Tunapiga kura, siku tunaijua. Balaa ni kitu kinachokujia."

"Na wakifunga wengine huko mbele?"

"Hao nao ni ndugu zetu. Watatuambia."

Kijana wa watu akacheka naye, akageukia ubao, akapiga hesabu bila hiyo. Ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya. Mgeni yeyote anayepita nchi hii huweka barabara kufungwa juu kabisa ya orodha. Sisi tulibebwa migongoni mwa mama zetu mpaka kwenye mawe ya kufungia barabara, tukanyonyeshwa hapo, tukajifunza kutembea hapo. Hatukuweza kuyaona mawe kama hatari, kwa kuwa mawe yalikuwa sisi.

Mwaka ule stoo yake ilikuwa safi na panya walihama. Lori lilikuja wakati magunia yanakaribia kwisha, si kabla. Alivuna kundi baada ya kundi, kuku wazito wa kifua, na mnunuzi wa sokoni Cliza akaanza kumwita "injinia wa pili". Alikuwa anaimba akifagia. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu Leandro aondoke, na nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyomwonyesha.

Kisha wakubwa wa mkoa wakatangaza kwamba mabomba ya bwawa letu yamepelekwa kwingine. Mkutano ukaitwa, barabara ya zamani ya Santa Cruz ikapigiwa kura ifungwe. Mkono wa Zenobia ulikuwa wa kwanza kupanda juu.

"Na kuku?" nilimnong'oneza.

"Wana chakula cha wiki na zaidi. Serikali haiwezi kustahimili wiki, komadre. Watasaini."

Sheria zetu zinajulikana. Kila nyumba inatoa mtu wa zamu kwenye mawe, na nyumba ikikosa zamu inanyimwa zamu ya maji ya mfereji, hata hayo machache tuliyo nayo. Safari hii Zenobia mwenyewe aliomba iongezwe sheria nyingine: hakuna mzigo kuvuka mawe, hata mgongoni, maana mara iliyopita wachuuzi walivusha sukari mbele ya macho yetu huku wakitucheka. Ikapita bila ubishi.

Siku za mwanzo mzee Abdón alikuja na pikapu yake imejaa madebe ya maziwa. Zenobia alikuwa zamu.

"Mwanangu, yataharibika haya."

"Mzee Abdón, tukimpitisha mmoja, wote watataka. Tupe tuyatie kwenye chungu, leo watoto wanakula wali wa maziwa."

Mzee akashusha madebe. Watu walishangilia. Watoto walikula kweli, na mabaki yakaganda.

Chungu cha wote ndicho kinachovunja au kushikilia mgomo. Nimeona vijiji vikienda nyumbani si kwa kupigwa mabomu ya machozi, bali kwa sababu siku moja kila mtu alileta viazi na kesho yake hakuna aliyeleta hata kitunguu. Zenobia alikitazama chungu kile mara moja akaona kila kitu alichofundishwa. Wangapi wanakula? Basi rudi nyuma: nani anamenya, nani analeta kuni kavu, kitongoji gani kinaleta chunyo, yaani viazi vyetu vya kukaushwa, na kipi kinaleta mahindi. Kabla kitu hakijaisha, mtu alikuwa tayari njiani anakileta. Tulikula vizuri kuliko nyumbani. Wiki ikapita na hakuna aliyesaini, wala hakuna aliyeondoka.

"Kwa mpangilio huu, komadre," alisema mwenyekiti, don Casimiro Zurita, akilamba kijiko, "tunaweza kukaa hapa mpaka sikukuu ya Kanivali."

Asubuhi ile Zenobia alikuwa amekung'uta gunia la mwisho la chakula cha kuku.

Lori lake lilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Ungesimama juu ya mawe ungeliona, turubai la kijani katika foleni upande wa pili, na dereva wake Filemón akaja kwa miguu kumwambia.

"Doña Zeno, mzigo wako ule pale. Nikae au nirudi?"

"Kaa," akamwambia, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimfuata.

"Don Casimiro, sikuombi lori lipite. Niruhusu nibebe mgongoni. Magunia machache tu, ya kuwashikilia."

"Sheria hiyo nani aliiomba?"

"Mimi."

"Basi nifanyeje, komadre? Nikikufungulia wewe, huyu nitamwambia nini?" Akaonyesha kwa kidevu. Mzee Abdón alikuwa ameketi kwenye jiwe, anatafuna majani yake ya koka, anatutazama.

Zenobia alirudi nyumbani akawapa kuku maganda ya viazi ya chungu, akawapa majani ya alfalfa, akakatakata mpungate akiutoa miiba mmoja mmoja. Kuku wa nyama hajui kula hivyo. Walianza kudonoana, migongo ikawa damu. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta, kelele mchana kutwa, halafu wakaanza kunyamaza, na kimya kile kilinitoa nyumbani kwangu. Nilimkuta ameketi katikati ya banda, miguu imenyooka mbele, waliokufa wamepangwa upande mmoja, walio hai wamemlalia sketini kwa sababu walimzoea kama mleta chakula.

"Walihitaji siku kumi tu, Gregoria," akasema. "Mnunuzi alishaniambia siku ya kuja."

Nilimsaidia kutoa wafu.

Watu nao walikuwa wamechoka. Vijiji vya juu vilikuwa vimeondoa mawe yao. Don Casimiro akaitisha mkutano palepale barabarani, na aliongea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Alisema kama chungu kimekwisha, hakuna aibu, tunafungua asubuhi. Kama bado, tunakaza, maana wakubwa wametuma ujumbe kwamba wanafikiria. "Anayejua ni doña Zenobia," akasema. "Chakula kipo au hakipo?"

Watu wote waligeuka. Nilikuwa karibu yake, nikamshika kiwiko.

"Sema hakipo," nikamwambia sikioni. "Viazi vimekwisha kweli, wala si uongo. Kesho mchana Filemón yuko mlangoni kwako. Nusu yao bado wanasimama, komadre. Sema."

"Viazi vimekwisha," akanijibu kwa sauti ya chini. "Lakini hakuniuliza viazi."

Mama yake alikuwa mbele yetu, kofia nyeupe imemshuka mpaka kwenye nyusi, mikono mapajani, anangoja. Ajuza yule alianza kungojea maji ya bwawa lile Zenobia akiwa bado mgongoni mwake. Nilimwona Zenobia anamtazama, nikajua hatanisikiliza.

Akasimama. "Viazi ni vya leo tu," akasema. "Kuni zipo. Nyama ipo. Nina kuku mia tatu bado. Tukianza sasa, ni wiki nzima."

Makofi yalikuwa makubwa. Don Casimiro alimkumbatia. Mzee Abdón peke yake ndiye aliyevua kofia, kama kwenye mazishi.

Nilimlaani njia nzima mpaka bandani. Nilimwita mjinga, nilimwita mtumwa wa mawe, nilimuuliza Maribel atasomeshwa na makofi? Zenobia alifungua mlango akaanza kuwakamata mwenyewe, wawili wawili, miguu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyepiga mbawa.

Wanawake walikuwa wamechemsha maji tayari. Tulinyonyoa. Mara kelele za utani zikapungua, kwa sababu kila aliyemaliza kunyonyoa kuku wake alimgeuza huku na huku kutafuta kifua. Palikuwa na mfupa na ngozi. Zenobia alichukua mmoja, akampima kwenye kiganja, akachukua wa pili, wa tatu. Nilimwona anarudia hesabu, midomo ikicheza.

"Nimehesabu vichwa, si nyama," akasema. "Hawa hawafiki wiki. Ni siku tatu."

Zilikuwa siku tatu. Asubuhi iliyofuata wanaume walisukuma mawe kando, bila karatasi yoyote kusainiwa, na magari yakaanza kupita polepole. Filemón alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alipunguza mwendo mbele ya geti la Zenobia, akatoa kichwa dirishani, magunia yote yamefungwa vizuri nyuma. Zenobia alikuwa amesimama pale na ufagio, banda tupu nyuma yake. Akampungia mkono apite.