Papai Lililokatwa Nyumbani

Mvua za kwanza zilipolainisha vumbi jekundu la mtaa wetu wa Katuba, mipapai ya tantine iliiva yote kwa pamoja, kana kwamba ilikubaliana. Tantine ni mdogo wa mama yangu, mjane asiye na mtoto. Nilihamia kwake ili nipate chumba kimya cha kumalizia riwaya. Lakini kimya hakikuwapo, kwa sababu lupango lake, kiwanja chenye nyumba mbili za matofali na mipapai nyuma, linapakana na shule ya msingi, na kelele za mapumziko zilinimiminikia mezani.

Tantine alikuwa akiwatazama watoto kupitia tundu la ukuta. Wenye chochote walinunua mikate midogo ya kukaanga. Wengine walikunywa maji ya bomba, wakajifuta midomo kama waliokula, wakaketi kivulini. Siku moja alitoka kwenye lile tundu macho yamemwiva, akavaa kitenge cha kutokea, akaenda kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuwagawia matunda bure kila Jumatatu, na karoti pale zitakapopatikana.

Alikubaliwa. Nilipaswa kufurahi, lakini niliogopa. Katika mtaa wetu, kabla mtoto hajaijua njia ya shule, amekwisha kufundishwa asipokee chakula cha bure mkononi mwa mtu asiye wa kwao. Wanasema uchawi huingia hivyo: unakula mchana, na mwenye kukupa anakuja usingizini kudai nyama. Niliwahi kumwona mtoto wa jirani akifukuzwa kwao kwa ajili ya konzi ya karanga aliyopewa na mgeni.

"Tantine, bantu batasema," nikamwambia.

"Batasema nini? Papai iko papai."

"Weye uko peke yako. Hauna mutoto. Unajua vile bantu beko."

"Juu ya ile njo niko na papai mingi," akacheka. "Batoto bangelikuwa bamekula yote."

Yeye hofu yake ilikuwa kipindupindu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewafundisha akina mama kunawa, kuchemsha maji, kufunika chakula. Basi Jumatatu ile tantine aliamka mapema, akachemsha maji kwenye mbabula, jiko la makaa, akaosha mapapai, akayamenya, akayakata vipande, akavipanga kwenye beseni na kulifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mimi nililibeba. Watoto walitazamana kwanza. Halafu mmoja akachukua, na wote wakafuata, maji ya papai yakiwachuruzika hadi viwikoni. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kuamini kwamba nilijitia wasiwasi bure.

Katikati ya juma akaja bibi mmoja, amemshika mjukuu wake kifundo cha mkono. Msichana alikuwa wa darasa la pili, na macho yake yalikuwa mazito. Usiku alikuwa amegaagaa kitandani na kusema maneno usingizini.

"Ni weye njo ulipatia huyu mutoto papai?"

"Ni miye, kambo," tantine akajibu, kwa jina tunalowaita mabibi. "Nilipatia batoto bote."

"Uliikatia wapi?"

"Hapa kwangu. Na mayi ya kuchemusha."

"Nani aliona?"

Tantine akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Minauliza, nani aliona kisu ikiingia? Unaleta chakula ya kufunika na kitambala ya mweupe, unapatia batoto ya bantu, weye mwenyewe haukukula hata kipande. Nani aliona?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Usafi wenyewe ndio uliomponza. Hakuonja mbele ya mtu, kwa sababu alitaka vyote viwe vya watoto. Alifunika, kwa sababu ya nzi. Kila alichofundishwa na muuguzi, mtaa ulikiona kwa jicho jingine.

Kuanzia siku hiyo wanawake walisogeza ndoo zao pale alipofika bombani. Asubuhi moja tukaukuta mpapai uliokuwa karibu na njia umekatwa, shina likitoa utomvu mweupe. Nilijua kinachofuata baada ya miti. Wangekuja kumtoa yeye ndani ya lupango lake.

"Tuache tu, tantine."

"Nikiacha," akasema, "njo itakuwa kweli."

Jumatatu akapeleka mapapai mazima kwenye beseni la wazi, na ndoo ya maji, sabuni na kisu. Mwalimu mkuu alikuwa amewaita akina mama uwanjani. Tantine alikunja mikono ya blauzi hadi mabegani, akanawa mbele yao.

"Kambo, chagua weye."

Bibi akayanusa, akayagonga kwa kidole, akatoa la chini kabisa, bovu kwa sura, lenye madoa meusi. Tantine akalikata na kula wa kwanza. Bibi hakuridhika. Akachukua kisu, akakata la pili kwa mkono wake, akatia kipande kinywani. Uwanja mzima ulitazama taya lake likienda na kurudi.

"Uliichuma mbio," akasema. "Haina sukari."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mjukuu akapokea kipande, lakini mkononi mwa bibi yake.

Tangu hapo tantine anakata na bibi anagawa. Hakuna mtoto aliyepokea kutoka mkononi mwa tantine, naye huiweka mikono yake juu ya meza, viganja wazi, mpaka wote wamalize.

Mvua sasa zimezidi, na mbu pia. Katika miezi hii watoto huugua, wakila papai au wasile. Ndiyo maana kila Jumanne asubuhi, kabla ya kuwasha mbabula, tantine husimama ukutani na kungoja bibi apite njiani na kupaza sauti juu ya mjukuu wake: "Alilala muzuri!"

Jumanne iliyopita sauti ilichelewa. Kengele ya shule ikalia. Tantine alisimama na kibiriti mkononi, nami nyuma yake.

"Iko analala mpaka sasa, ule muvivu!" bibi akapiga kelele kutoka njiani. "Namuamusha, anakataa kuamuka!"

Tantine akawasha kijiti. Kikazima. Akawasha kingine.